Kapteni na Dadake

Leo nimeaibika mbele ya watu thelathini na pasta mmoja.

Sijui nianzie wapi. Nimefika nyumbani saa nane mchana, nimevua viatu, sijui nimeviweka wapi na wala sivitafuti. Naandika haya mwenyewe kabla hamjayasikia kwa mtu mwingine, maana hapa Kabiro habari ya mtu humtangulia kufika kwake. Nilipokuwa narudi, mama mmoja wa mboga ambaye hata sijawahi kumsalimia aliniangalia, akaangalia chini, mabega yakaanza kumcheza. Nilijua tayari imefika Kawangware nzima.

Kwa wale wasionijua: mimi ni mtu wa mjengo. Kila asubuhi saa kumi na mbili nasimama nje ya geti la mahali wanapojenga, pamoja na wenzangu, tukingoja foreman atoke anyooshe kidole. "Wewe. Wewe. Wewe wa kofia." Ukinyooshewa, unabeba mawe mpaka jioni. Usiponyooshewa, unarudi nyumbani kwa miguu ukasome. Mimi nimesoma vitabu vingi sana maishani mwangu. (Mnaweza kukisia ni mara ngapi nimenyooshewa.) Vitabu vyenyewe nanunua Soko la Toi, kule ndani nyuma ya viatu, ambako vinamwagwa chini kwa gunia na unachagua ukiwa umechuchumaa. Nina miaka thelathini na tisa na mgongo wa mtu wa sitini.

Sasa mwezi uliopita kukabandikwa tangazo kwenye ukumbi wa kanisa hapa Kabiro. Wanafungua chumba cha kusomea na wanatafuta mtu wa kukisimamia. Kazi ya kila siku, kivulini, mtu ana meza yake. Na kiti. Nilikwenda nikakitazama kile kiti kupitia dirishani. Kilikuwa cheusi, kina mgongo mrefu na pahali pa kuwekea mikono. Sitawadanganya, nilirudi kukitazama siku tatu mfululizo. Sijawahi kukitamani kitu hivyo. Nilijiona nimekikalia, kitabu kiko wazi mbele yangu, mvua inanyesha nje na hakuna mtu anayenyoosha kidole.

Masharti yalikuwa hivi. Kila anayeitaka kazi aje Jumamosi, asimame mbele ya kamati na wakazi, alinganishe kitabu na filamu iliyotokana na kitabu hicho. Dakika kumi. Walisema watu wa hapa hawasomi lakini filamu wanaziangalia, kwa hiyo wanamtaka mtu anayeweza kumshika mtu mkono kutoka kwenye filamu na kumfikisha kwenye kitabu.

Nikajua kazi ni yangu. Nilimwambia mke wangu, Mama Ndanu, akawaambia majirani wa plot yetu, nao wakaanza kuniita "ofisa" pale kwenye mfereji wa maji.

Hapa lazima niungame jambo moja, la sivyo hamtaelewa nilivyofika nilipofika. Mimi nina dharau. Si ya mavazi wala ya chakula. Ni ya filamu za DJ. Wa huku mnazijua: filamu ya ng'ambo inachukuliwa, sauti za wenyewe zinashushwa, halafu mtu mmoja anaongea juu yake kwa Kiswahili chetu kuanzia mwanzo mpaka mwisho, anasimulia, anatania, anawapa wazungu majina ya watu wa Kakamega. Anaitwa DJ ingawa muziki hapigi. Upande wetu anayetamba ni mmoja anayejiita DJ Sufuria. Mama Ndanu na wenzake kwenye plot wanamsikiliza DJ Sufuria kila wikendi, wakijaa nyumbani kwangu pamoja na watoto na hata mama mkwe akiwa amekuja. Mimi hutoka nje na kitabu changu, nikageuza ndoo, nikaikalia. Miaka kumi na mmoja ya ndoa sikuwahi kukaa kuangalia hata moja. Nilikuwa nikijisifu kwa hilo, tena mbele za watu.

Kitabu nilichochagua ni riwaya ya kisayansi ya zamani, iliyoandikwa kabla mtu yeyote hajakanyaga mwezi. Jina lake sitaliandika hapa. Nimelitaja vya kutosha leo. Kinahusu sayari iliyokaukiwa maji. Kapteni mmoja anatumwa peke yake huko kwenye nyota za mbali akalete barafu. Mtu pekee anayezungumza naye ni daktari wa kike aliyebaki nyumbani, nao hawajawahi kuonana uso kwa uso, wanasikizana redioni tu. Chombo cha Kapteni kinakwenda kasi mno, kwa hiyo yeye anapitisha miaka michache huko aliko, na yule daktari anapitisha maisha mazima. Kila wanapozungumza, sauti ya daktari imezeeka kidogo. Mwishowe Kapteni anakaribia nyumbani na barafu yake, anaita redioni, na anayemwitikia ni mtu mwingine kabisa.

Nimekisoma mara nne. Mara ya nne nilikisomea juu ya rundo la mchanga wakati wa mapumziko ya mchana, nikalia, foreman akadhani naumwa na akanirudisha nyumbani. Ilikuwa siku yangu ya kwanza kunyooshewa kidole wiki hiyo.

Filamu yake ilitengenezwa miaka mingi baadaye, na sikuwa nimewahi kuiona. Jumapili iliyopita baada ya kanisa nikaenda kwa jamaa anayeuza movie pale stage ya matatu, nikampa flash yangu na kumwonyesha jalada la kitabu.

"Niaje. Uko na hii?"

"Iko. Ya DJ Sufuria."

"Mimi nataka original."

"Original?" Aliniangalia vile mtu anavyomwangalia aliyeomba supu ya mawe. "Buda, original nani huku huangalia? Si utalala?"

Original hakuwa nayo. Niliuliza maduka mengine mawili, jibu lilikuwa lile lile. Nikajiambia haidhuru, mimi ni msomaji, ya DJ nitayachuja. (Nitayachuja. Mimi.)

Tukakaa mchana ule ule, mimi na Mama Ndanu, pazia tumelifunga ili TV ionekane. Nilichukua daftari, nikagawa ukurasa kwa rula. Upande mmoja nikaandika "Ya mwongozaji", upande wa pili "Ya DJ". Kazi ikaanza. DJ Sufuria akasema sayari iliyokauka ni Kitui. Mimi ni mtu wa Kitui. Nililiandika upande wa DJ kwa hasira mpaka karatasi ikatoboka. Akasema roboti wa kwenye chombo ni mama wa kanisa na jina lake ni Rispa. Upande wa DJ. Akasema Kapteni hawezi kurusha chombo kabla hajamaliza chai na mkate. Upande wa DJ. Nilikuwa nachuja vizuri sana, na nilikuwa namwonyesha Mama Ndanu kila nilichochuja.

Kisha akatokea yule daktari. Kwenye filamu hakubaki nyumbani. Yumo ndani ya chombo pamoja na Kapteni. DJ Sufuria akaacha mzaha, akashusha sauti kwa heshima na kusema, "Huyu sasa ni dadake Kapteni. Dadake wa damu, wa tumbo moja."

Hakucheka, wala hakuweka utani juu yake. Nikafikiri, hili ni kubwa. Nikaliandika upande wa mwongozaji, nikalipigia mstari mara mbili.

Basi kuanzia hapo niliiangalia filamu kwa macho mengine. Kapteni akimpikia dadake. Dadake akimfunga Kapteni kidonda. Wanaangaliana muda mrefu bila kusema lolote, mpaka Sufuria naye ananyamaza. Nilifikiria dada yangu mwenyewe, ambaye tulikuwa hatujasalimiana miaka miwili kwa sababu ya mpaka wa shamba la mama. Nikasema moyoni, angalia ndugu wanavyopaswa kuishi. Jioni ile nilimpigia simu. Alishtuka, akaniuliza nani amekufa. Tuliongea dakika nne na tukaagana vizuri.

Mwisho wa filamu ndio ulionimaliza. Chombo kimeharibika, hewa haiwatoshi wawili. Dadake ameamua kutoka ili Kapteni afike na maji. Wanasimama kwenye mlango wa chuma. Wanakumbatiana. Na palepale picha inakatika, tunaona giza, halafu Kapteni yuko peke yake na barafu yake.

Niliruka kutoka kitini. Mwongozaji gani huyu? Mtu mwingine angetuonyesha kila kitu, yeye anakata palepale kwenye kumbatio kwa kuheshimu uchungu wa ndugu! Nilimweleza Mama Ndanu kwa kirefu maana ya ule mkato. Alikuwa anajifuta macho na pindo la leso.

"Mmh," akasema.

Wiki nzima niliandika hotuba. Niliipa jina "Damu Nzito Kuliko Maji". Kitabu kinatafuta maji, filamu inatafuta damu. Mwandishi alimwona mwanadamu akiwa peke yake, sauti tu gizani. Mwongozaji akaja akasahihisha, akampa Kapteni dada, akasema mtu ni jamaa zake. Kila jioni nilisimama kati ya kitanda na meko, nikamsomea Mama Ndanu yote kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nilisoma kwa mkono mmoja hewani. Kufikia Ijumaa nilikuwa najiliza mwenyewe.

Leo saa nne nikafika ukumbini. Shati nimelipiga pasi. Mikono nimeisugua kwa jiwe mpaka simiti ikatoka kwenye kucha. Kamati ilikuwa ya watu watatu. Mwenyekiti ni Mwalimu Awuor, amestaafu, alifundisha fasihi maisha yake yote, na leo alikuwa amevaa gauni jeupe refu la kwaya kwa sababu walikuwa na mazoezi baadaye. Wa pili ni Pasta mwenye ukumbi. Wa tatu ni Nafula, mwanadada anayefundisha watu wazima kompyuta, naye alikuwa na laptop na ile mashine ya kurusha picha ukutani. Kila mshiriki alikuwa ametuma jina la filamu yake mapema ili Nafula aitafute.

Tulioomba kazi tulikuwa wawili tu. Mwenzangu ni Mama Shiru wa Kibera, anauza nguo za watoto pale Toi. Alitangulia yeye.

"Mimi nitasema ukweli," akaanza. "Kitabu nimesoma. Movie sikupata time, nilikuwa soko. So nitawaambia tu ya kitabu, halafu mtaniambia kama movie ni tofauti."

Nilimhurumia. Nawaambia, nilikaa pale nikamhurumia yule mama kwa moyo wangu wote. Aliongea polepole, alipokwama alisema amekwama, watu wawili watatu wakamuuliza maswali, akajibu mawili na la tatu akasema hajui. Mimi sikumsikiliza sana. Nilikuwa napitia karatasi zangu.

Kisha nikaitwa.

Jamani, nilianza vizuri. Nilieleza kitabu, ile redio, ile sauti inayozeeka. Ukumbi ukatulia. Mzee mmoja mbele akavua kofia. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe watu thelathini walikuwa wananisikiliza mimi, na hakuna aliyeniambia nisogeze mawe. Nilihisi nimeshafika kwenye kile kiti.

Nikaingia kwenye filamu.

"Lakini mwongozaji," nikasema, mkono hewani, "aliona kile ambacho mwandishi hakukiona. Alimpa Kapteni dada. Ndugu zangu, upendo mkubwa kuliko wote si ule wa mume na mke. Ni wa watu waliolala tumbo moja. Tazameni anavyomshika mkono. Tazameni anavyomwangalia. Nani kati yetu anamwangalia dada yake hivyo?"

Pasta akatoa kalamu. "Hebu rudia hapo pa mwisho," akasema. "Hiyo nitaipeleka kwa mahubiri kesho."

Nikarudia taratibu, akaandika. Nikaona Nafula ameinamisha uso kwenye laptop, nikadhani ameguswa. Huko nyuma mtu akakohoa, mwingine naye akakohoa. Nao nikadhani wameguswa.

Mwalimu Awuor akavua miwani. "Baba Ndanu, umesema ni dadake?"

"Dadake, Mwalimu. Wa damu."

"Uko na uhakika."

"Ndio msingi wa filamu yote, Mwalimu."

"Sawa," akasema. "Nafikiri muda wako umeisha. Asante sana."

Zingatieni hapo. Yule mama alikuwa ananipa mlango wa kutokea. Ningesema asante na kuketi, pengine muda huu ningekuwa naandika habari nyingine. Lakini nilikuwa bado na dakika moja na nusu, na nilikuwa bado sijafika kwenye ule mkato.

"Mwalimu, naomba tu tuone mwisho. Nafula yuko na filamu. Muone vile mwongozaji anakata picha kwa heshima."

"Si lazima."

"Ni lazima, Mwalimu. Bila hiyo sijasema kitu."

Nafula akainua kichwa. "Brathe, hii yangu ni original."

"Original ndiyo nzuri zaidi," nikamjibu. (Maneno haya niliyasema mimi, kwa mdomo huu.)

Madirisha yakafungwa, taa zikazimwa. Picha ikatokea ukutani, kubwa kuliko nilivyotarajia, chini kidogo ya saa ya kanisa. Nikachukua fimbo ya kufungulia madirisha, nikasimama kando nikiionyesha. Kapteni na dadake wakaja mpaka kwenye mlango wa chuma.

"Tazameni," nikasema. "Ndugu wawili wanaagana."

Wakakumbatiana.

"Sasa inakatika."

Haikukatika.

"Inakatika sasa hivi."

Kapteni akamshika dadake kidevu. Akamwinua uso. Nami fimbo bado imeelekea pale pale kwenye midomo yao, na siwezi kuishusha. Kisha akambusu. Na si busu la shangazi kwenye harusi. Lilikuwa busu la mtu aliyekaa miaka minane kwenye chombo, na lilichukua muda wake wote. Walipopumua nikadhani yameisha. Wakarudia.

Mngenyamaza hapo. Mimi sikunyamaza. Mdomo wangu ulikuwa bado unatoa hotuba, nikasikia ukisema, "Hapa mwongozaji amechelewa kidogo."

"Ai," mtu akasema gizani. "Huyo ni dadake?"

"Wa kambo," nikajibu.

Naapa sijui ilitoka wapi. Mkono wa Kapteni ukaanza kutafuta zipu ya lile vazi la anga.

"Ama tuseme binamu."

"Binamu?" Pasta akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

Hapo Mwalimu Awuor akaamua kutuokoa. Alitoka mezani, akaenda mbio kadiri ya umri wake, akasimama mbele ya ukuta na kunyoosha mikono ili afunike ile picha. Gauni jeupe. Refu. Pana. Picha haikufunikwa ila ilihama, Kapteni na dadake wakaendelea juu ya tumbo la mwalimu mstaafu, tena wakiwa wameng'aa zaidi kuliko walipokuwa ukutani. Yeye haoni, anadhani amefaulu, anatuambia, "Tulieni, tulieni." Nafula anabonyeza kila kitu. Sauti ikapanda. Mtu fulani akapata akili, akang'oa waya.

Taa zilipowashwa nilikuwa bado nimenyoosha fimbo kuelekea tumbo la mwenyekiti.

Pasta alifungua daftari lake, akatafuta pale alipoandika na kuanza kukata. Alikata mstari mmoja, akaona hautoshi, akakata na mingine. Niliisikia ile kalamu.

"Baba Ndanu," Mwalimu akasema alipoketi. "Hii filamu uliangalia wapi?"

"Nyumbani."

"Ya nani?"

Nikasema chini chini.

"Hatujasikia."

"Ya DJ Sufuria."

Ukumbi ukaangua kicheko. Sijawahi kuona watu wakicheka hivyo ndani ya nyumba ya Mungu. Yule mzee aliyekuwa amevua kofia alijifunika nayo uso. Mama mmoja alishika benchi kwa mikono miwili. Nafula alitoka nje kabisa. Mimi nilikuwa nimesimama nikingoja waishe, na kila walipokaribia kuisha mtu alisema "binamu" na wakaanza upya.

Aliyenieleza ni Mama Shiru, na wala hakunieleza kwa ubaya. Alikuja akanishika kiwiko.

"Baba Ndanu, kwani hukuwa unajua? Sufuria husema hivyo kwa kila movie. Juu watu huangalia na watoto, na mama mkwe amekaa hapo. So akisema dadake, unajua tu ni bibi yake ama mpenzi. Halafu ile pahali ya busu hukata. Hiyo kila mtu anajua."

Kila mtu anajua. Wauza mboga wanajua. Watoto wa nasari wa plot yetu wanajua. Asiyejua katika Kawangware na Kibera yote ni mtu mmoja, yule aliyekuwa nje amekalia ndoo, akisoma.

Kamati ilijadiliana dakika tatu. Mwalimu Awuor akaniita kando. Ni mtu mwema, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

"Kitabu umekisoma," akasema.

"Mara nne."

"Ilionekana. Hizo dakika zako za kwanza, sijasikia mtu akiongea juu ya kitabu hivyo tangu nistaafu."

"Asante, Mwalimu."

"Ungesema tu hiyo ingine hujaiona vizuri. Mwenzako alisema, na hakuna mtu alimcheka."

Kazi akapewa Mama Shiru. Wakamwita asaini karatasi, tukaingia kile chumba cha kusomea, akakalishwa kwenye kile kiti. Akageuka kuniaga. Kumbe kinazunguka. Siku tatu zote nilizokichungulia dirishani sikujua kwamba kile kiti kinazunguka.

Nilitembea kurudi nyumbani nikipitia nyuma. Nilijisikia vibaya kwa namna ambayo sijawahi, hata siku ile nilipoangukiwa na ubao. Jumatatu narudi getini. Foreman naye, kwa jinsi mambo yanavyosafiri, nadhani atanyoosha kidole na kusema, "Wewe wa dadake."

Nikamkuta Mama Ndanu anakunja nguo. Nikamweleza yote, hata ile ya binamu. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho, na hakuonekana kushangaa mahali ambapo nilitarajia ashangae. Nikashuku.

"Wewe ulijua?"

"Kujua nini?"

"Kwamba ni bibi yake."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu tu aliposema dadake."

"Na hapo mwisho ulikuwa unalia nini?"

"Ni juu wanapendana na hawataonana tena. Wewe ulidhani nalia nini?"

Nikaketi. "Mama Ndanu, nimekusomea ile hotuba siku tano. Siku tano umesimama hapo. Ukashindwa kuniambia?"

Akaweka shati chini. "Jumatatu nilianza kukwambia. Ukasema ngoja kwanza umalize. Jumanne nikaanza tena, ukaniambia hii ni fasihi, si mambo ya akina Sufuria. Jumatano nikaona wacha ninyamaze."

"Ungenilazimisha."

"Baba Ndanu," akasema, kwa upole kabisa. "Ungenisikiza?"

Nimetafuta jibu la hilo swali tangu saa nane. Nimetafuta kwa haki, kwa kuchuja, pande zote mbili za ukurasa. Sina.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Mkitaka kucheka, nawasihi mngoje zamu yenu, maana mke wangu ametangulia: yuko nyuma ya pazia kwenye kitanda, ameng'ata leso, anadhani simsikii.